Kabla ya kutukataza kodi ya miezi sita, tupeni pa kudai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu kodi ya pango inayolipwa kwa mkupuo. Kila ikifika Januari, watu wakihangaika na ada na sare za watoto, mjadala huu hufufuka: wenye nyumba ni wanyonyaji, wanadai miezi sita au mwaka mzima, Serikali iwapige marufuku, kodi iwe ya mwezi kwa mwezi. Husemwa redioni, husemwa vijiweni, na wanasiasa nao hudandia. Wanaosema ni wapangaji na wanaotaka kura za wapangaji. Mwenye nyumba wa uswahilini hasikiki. Akionekana ni kwenye vichekesho, yule mzee wa msuli anayegonga milango alfajiri, mswaki mdomoni.

Mzee wa msuli ndiye mimi. Nilikuwa karani wa stesheni ya reli hadi nilipostaafu, na nyumba yangu iko Tandika, nyumba ya Kiswahili kama mnazozijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo, bafu na kijibanda cha kupikia. Chumba kimoja cha mbele tunalala mimi na mke wangu. Cha pili cha mbele nilikitoboa ukuta wa barabarani kikawa fremu ya duka. Vinne vilivyobaki vina wapangaji, shilingi 50,000 kila kimoja kwa mwezi, na fremu 100,000. Chumba nachukua kodi ya miezi mitatu, na kwa mtu nisiyemjua wala kujua atokako, sita. Sitaacha hivi karibuni, na naomba nieleze kwa nini.

Nianze na umeme, maana ndio unaotugombanisha kuliko kodi yenyewe. Nyumba ina mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. TANESCO wana bei mbili kwa sisi wa majumbani. Mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipia shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Akizoea kuvuka hapo anahamishiwa kundi la shilingi 292. Bei ile ndogo iliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Lakini kaya tano na duka zikichangia mita moja, uniti 75 hazifiki hata nusu ya mwezi, kwa hiyo nyumba nzima iko kwenye bei ya juu. Mama aliyepanga kwangu, mwenye taa moja na feni, analipia uniti kwa bei ileile ya mwenye viyoyozi kule Masaki, si kwa sababu anatumia sana, ila kwa sababu anaishi na wenzake.

Mtu ataniambia weka mita kwa kila chumba. Nilikwenda kuuliza. Kumuunganisha mteja wa kawaida mjini, asiyehitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Zidisha kwa vyumba vinne. Ni zaidi ya kodi ya vyumba vyote vinne kwa miezi sita, bila kula, bila kukarabati chochote. Kwa hiyo nikafanya wanavyofanya wengi: nilinunua submita, yaani mita ndogo za kupimia kila chumba, Kariakoo, fundi umeme akazipanga ukutani kwenye korido, kila chumba na ya kwake. Jumapili asubuhi nasimama na kaunta buku langu nasoma namba kwa sauti, kila mwenye chumba akiwa mlangoni kwake anasikia.

Ugomvi ulipungua, haukuisha. Ukijumlisha submita zote hazifikii mita kuu. Tofauti ni taa ya korido, taa ya choo na upotevu wa waya za zamani, na hiyo tofauti haina mwenyewe. Kijana wa chumba cha nyuma anasema yeye anarudi saa tano usiku akiwa na tochi ya simu, taa ya korido haimhusu. Mama anayeuza barafu na juisi ana friji, anasema friji yake ni ndogo na submita yake ndiyo inayokimbia. Aliyesafiri wiki mbili anataka apunguziwe taa ya choo. Nimeishia kuilipa tofauti hiyo mimi, na ndivyo inavyokuwa kwa mambo mengi ya nyumba hii: kila kisichogawika kinarudi kwa mwenye nyumba.

Halafu kuna kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na tangu 2023 ni 1,500. Siilalamikii, ni ndogo, na inaniokoa kupanga foleni. Lakini inakatwa kwa anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Wapangaji walipolijua hilo, tarehe moja ikawa siku ya kuviziana. Umeme ukikata hakuna anayenunua, kila mtu anasubiri jirani yake aanze, watoto wanakula kwa mshumaa. Siku hizi ununuzi wa kwanza wa mwezi ni wangu, na kila mtu anajua. Wenye nyumba ambao wapangaji wao wana mita zao wenyewe, nawasihi wawarudishie pesa hiyo au waipunguze kwenye kodi. Ni deni la jengo, si la mpangaji, na ni aibu kumwachia mtu wa chumba kimoja.

Maji sitayaeleza kwa kirefu. Bili ya DAWASA tunagawa kwa vichwa, na tumewahi kukalishana kikao kizima kuamua kama mtoto wa miezi mitatu ni kichwa. Iliamuliwa si kichwa, ila nepi zake ni kichwa.

Choo ndicho kinachokula kodi. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, maji ya ardhini Tandika yanapanda na shimo linajaa hata kama watu hawajaongezeka. Gari la majitaka haliwezi kuingia kichochoroni kwetu, linasimama barabarani na kuunganisha mipira, na mwenye gari anahesabu mipira. Kuna njia ya mkato, mnaijua: vijana wanakuja usiku mvua inaponyesha, wanatoboa shimo pembeni na kulitapisha choo kwenye mtaro, asubuhi watoto wanavuka humo kwenda shule. Ni rahisi sana kwa bei, na ni kosa. Kipindupindu Dar es Salaam hakijatujia kutoka mbinguni. Mimi naita gari, na gari linalipwa siku hiyohiyo, taslimu, haliji na habari ya mwezi kwa mwezi. Fundi bati naye vilevile. Mfuko wa saruji ndio kabisa.

Kwenye fremu ya mbele mambo ni mengine. Aliyepanga ni kijana mchapakazi, anauza nafaka na ni wakala wa fedha za simu. Alipokwenda kushughulikia leseni aliambiwa alete mkataba wa pango, na TRA, watu wa mapato, wakamweleza wajibu wake: ushuru wa stempu asilimia moja ya pango la mwaka, na kodi ya zuio asilimia kumi, ambayo yeye mpangaji anaikata kwenye pango langu na kuipeleka. Kwa fremu ya 1,200,000 kwa mwaka, stempu ni 12,000 na zuio ni 120,000. Alirudi kwangu na wazo analoshauriwa kila mfanyabiashara mdogo mjini hapa: tuandike mikataba miwili, mmoja wa kweli ukae kabatini, mwingine wa nusu ya bei tuupeleke. Nilimwambia baba, nimeshika vitabu vya reli maisha yangu yote, siwezi kuanza kuwa na vitabu viwili uzeeni. Tukaandika mmoja. Lakini nisiwafiche wasomaji: mwaka uliofuata pango la fremu lilipanda. Zuio linakatwa kwenye jumla yote, bila kuuliza choo kilijaa mara ngapi. Kwa hiyo mwishowe sehemu yake anailipa yeye, na wateja wake wa unga wanaimalizia.

Sasa nije kwenye kodi ya mbele yenyewe.

Nilikuwa na mpangaji, kijana wa kiwandani, mpole, salamu zake za heshima, shikamoo baba asubuhi na jioni. Alilipa miezi mitatu ya kwanza. Ya pili akasema kiwanda kimesimamisha zamu, baba nivumilie mwishoni mwa mwezi. Nikamvumilia. Mwisho wa mwezi ukawa mwisho wa mwezi ujao, na mimi najua hali ya zamu za viwandani, sikutaka kumkaba. Deni lilipofika miezi minne, yaani laki mbili, kufuli likaonekana mlangoni na mtu haonekani. Simu ikawa haipatikani.

Hapo ndipo mwenye nyumba anapojua kwamba chumba chake si chake. Kuvunja kufuli peke yangu sithubutu, kesho atatokea aseme alikuwa na milioni chini ya godoro. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaandika barua ya wito. Wito kwa nani, wakati anwani pekee ya mtu huyo ninayoijua ni chumba hichohicho kilichofungwa? Barua ikabandikwa mlangoni, ikakaa hadi ikapauka. Mwishowe alikuja mjumbe wetu wa shina pamoja na majirani wawili wa kushuhudia, kufuli likakatwa, na mjumbe akaketi juu ya ndoo akaandika kwenye daftari la shule, kitu baada ya kitu. Godoro la futi nne, limebonyea katikati. Kabati la nguo la turubai, zipu mbovu. Feni ya mezani, bawa moja limevunjika. Ndoo mbili, moja ndiyo aliyokalia. Sufuria tatu. Jiko la gesi, bila mtungi. Hapo mjumbe aliinua macho akasema, "Mzee, mtu aliyebeba mtungi hakukimbia usiku. Alihama." Kisha akauliza pazia ni la mpangaji au la nyumba, tukabishana kidogo, likaandikwa la mpangaji.

Vitu vile mpaka leo viko stoo, juu ya mifuko ya saruji. Kuviuza naogopa, kuvitupa naogopa zaidi.

Laki mbili zangu nizidai wapi? Zamani kulikuwa na sheria maalumu ya pango, ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba. Ilikuwa na kasoro nyingi, ilifutwa mwaka 2005, na sisemi irudishwe kama ilivyokuwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo inayosimamia mambo ya upangaji sasa. Mtu wa kawaida alibakiwa na baraza la kata, pale karibu, ambako wazee wanaujua mtaa na wewe mwenyewe unaweza kujieleza kwa Kiswahili chako bila karatasi ya wakili. Lakini tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naelewa sababu: mabaraza mengine ya kata yalikuwa yanaamua mashamba ya watu kwa upendeleo na rushwa. Lakini kwa kesi ya shamba la ekari kumi na kesi ya chumba cha 50,000 tumewekewa mlango mmoja. Huko wilayani kuna maombi ya kuandikiwa, ada, nauli, kuahirishwa, na mdaiwa ambaye hujui amehamia Chanika au amerudi kwao. Kusuluhisha nako kunataka watu wawili. Mimi nina mmoja.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopiga kelele redioni, miezi mitatu ya mbele ndiyo baraza langu. Sina lingine. Si kwamba napenda kumkamua mtu fedha ambazo hajazipata. Mpangaji akilipa mwezi kwa mwezi na akaamua kuacha, mimi napoteza mwezi wa kwanza nikimsubiri, wa pili nikimbembeleza, wa tatu nikimtafuta mjumbe. Miezi mitatu inayopotea ndiyo hiyohiyo mitatu ninayoitaka mwanzoni. Anayechukua mwaka mzima amejumlisha na hofu yake tu.

Najua upande wa pili, na sitaupuuza. Mtu anayeanza maisha, mshahara laki mbili na nusu, atafute kodi ya miezi mitatu, 150,000, kisha dalali achukue ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Hiyo ni 200,000 kabla hajanunua godoro. Ndiyo maana wengi wanakopa kwenye simu ili wahamie, na mwezi wa nne hawana kitu. Wako na wenzangu wanaotia aibu: anayepandisha kodi katikati ya mkataba kwa sababu mtaa umewekwa lami, anayeng'oa bati mpangaji akiwa ndani, anayekataa kuandika mkataba ili asibanwe na kitu, anayemtazama binti wa watu aliyechelewesha kodi kwa jicho lisilostahili. Hao wachukuliwe hatua, na mimi nitakuwa shahidi wa kwanza.

Lakini hatua nyingi zinazopendekezwa zinamfikiria mwenye maghorofa. Sisi tuliokua na Azimio la Arusha tunaijua hadithi hiyo. Katika miiko ya uongozi, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha, sawa na alivyokatazwa mishahara miwili. Mwaka 1971 yakataifishwa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hata wakati ule wa moto, walau walichora mstari: jengo kubwa lile, kibanda hiki. Kijumba cha vyumba sita hakikuguswa. Leo tunaongelewa wote kwa jina moja, mwenye apatimenti za dola kule Oysterbay na mimi ninayesoma submita Jumapili nikiwa na miwani iliyofungwa uzi.

Ninachoomba si kikubwa. Kesi za pango la nyumba za kuishi, tuseme deni lisilozidi kodi ya miezi sita, zipewe pa kuamuliwa palepale kwenye kata, kwa muda mfupi unaojulikana, na uamuzi ushike. Ikiwa mabaraza ya kata hayaaminiki na mashamba, yaaminiwe na vyumba. Serikali ya mtaa iwe na daftari la mikataba ya pango, mkataba wa ukurasa mmoja unaofanana mtaa mzima: nani amepanga, alitoka mtaa gani, analipa kiasi gani, mdhamini ni nani, notisi ni ya muda gani kwa pande zote mbili. Mpangaji anayehama aondoke na karatasi ya kuonyesha hadaiwi, na mwenye nyumba mpya aiombe kama anavyoomba kitambulisho cha NIDA. Daftari hilohilo litamlinda na mpangaji, maana mwenye nyumba aliyesaini kodi ya 50,000 kwa mwaka mzima hataweza kuamka Juni akasema 70,000. Watu watasema mwenyekiti wa mtaa atataka chochote kwa kila mkataba. Huenda. Iwekwe ada ndogo yenye risiti, kwani ni lini tuliwahi kupiga muhuri bure?

TANESCO nao waangalie upya jambo la nyumba zenye kaya nyingi kwenye mita moja. Hili ninaliomba kwa ajili ya wapangaji kuliko nafsi yangu. Ama kiwango cha uniti 75 kihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizothibitishwa na mtaa, ama mita ya pili na ya tatu kwenye nyumba ileile zifungwe kwa bei nafuu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa waya umeshafika ukutani.

Hayo yakifanyika, hata la baraza peke yake, mimi kodi ya mkupuo naiacha. Nitachukua mwezi kwa mwezi kwenye vyumba vyote vinne, na risiti nitaandika. Fremu tutazungumza na kijana wa nafaka, naye ana yake ya kusema.

Na yule aliyehama na mtungi, kama gazeti hili linamfikia huko aliko, aje achukue godoro lake. Saruji naihitaji, bati la jikoni linavuja.

Karani mstaafu wa reli,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam